Bia Haitemwi

Jirani zangu, sogeeni karibu. Mwenye glasi mkononi aiweke chini kidogo, hataibiwa. Habari ninayowaletea haikuanzia kilabuni, wala kwa watu wabaya. Ilianzia kwa watu wenye adabu zao, na aliyeifungulia mlango ni mwanamke aliyempenda mumewe kupita kiasi.

Mwanamke huyo alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni, na nguo za wateja zilining'inia nyuma ya mlango, kila moja na kikaratasi cha vipimo. Mumewe alifanya kazi kiwanda cha chai, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuonja. Wenzake walimwita Ulimi. Kila asubuhi alivaa koti jeupe akasimama mbele ya meza ndefu iliyojaa vikombe, akachota kwa kijiko, akafyonza kwa kishindo kama mtu anayevuta kamasi, akaizungusha chai mdomoni, kisha akaitema kwenye ndoo. Halafu alisema: hii imeungua kwenye kikausho, hii majani yake yalilala guniani usiku kucha kabla ya kusagwa, hii iuzwe. Alilosema ndilo lililoandikwa. Kwa ajili ya ulimi huo mkewe hakutia pilipili kwenye mboga siku za kazi, na binti yao wa miaka kumi na sita hakujipulizia manukato mpaka baba atoke.

Ilikuwa nyumba ya raha, sikatai. Ila raha yenyewe ilikuwa na umri wa miaka tisa tu. Kabla ya hapo Ulimi alikuwa mlevi, tena mlevi wa kuokotwa mtaroni. Siku moja binti yake, wakati huo yuko darasa la kwanza, alimkuta amelala kando ya njia. Wenzake walipomuuliza kama yule si baba yake, akasema hamjui. Ulimi alimsikia. Neno hilo lilimkata maini, akajiunga na chama cha walioacha pombe, waliokutana kila Jumamosi kwenye darasa la shule chini ya fundi umeme mstaafu waliyemwita Kaka. Tangu hapo hata tone hakugusa. Mkewe naye, kwa miaka yote tisa, alimpokea mlangoni kwa kumkumbatia, na katika kumkumbatia alimnusa. Ulimi alijua kuwa ananuswa.

Basi kiwanda kikawazawadia wafanyakazi wa muda mrefu safari ya siku tatu, kila mtu na mwenzake, katika hoteli ya mji mmoja wa milimani. Fundi alijishonea magauni mawili mapya. Siku ya kwanza walitembea bustanini, wakala wakashiba, wakalala kama magunia. Tangu waoane hawakuwahi kusafiri bila sababu ya msiba au harusi.

Siku ya pili, wakati wa kifungua kinywa, walikaa meza moja na daktari wa meno na mkewe. Mke wa daktari, kwa wema tu, akamuuliza Fundi mumewe anafanya kazi gani. Fundi akajibu kwamba anaonja chai. Daktari akacheka mpaka mkate ukamtoka, akasema kumbe hata yeye yuko kazini kila anapokaa mezani. Ulimi akacheka naye, yeye alishazoea. Fundi hakucheka. Ilimchoma. Mwanamume huyu aliyejikokota kutoka mtaroni mpaka kwenye koti jeupe, leo anachekwa mbele ya mayai ya kukaanga!

Sasa sikilizeni shetani anavyojua kupanga ratiba. Ukutani, karibu na mapokezi, palibandikwa tangazo: saa tisa alasiri, uani, kuonja bia sita kwa vyakula sita, pamoja na mwelekezi. Daktari na mkewe walikuwa wamejiandikisha tayari. Fundi alilisoma mara mbili, kisha akaenda kumtafuta mumewe.

Ulimi alisema hapana, kwamba hayo hayamhusu. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekataa sukari ya pili. Mambo yangeishia hapo, na mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini Fundi hasira zilikuwa zimeshampanda kichwani.

"Baba, kazini unaonja vikombe mia kwa siku, unatema, unarudi nyumbani," alimwambia. "Na hiki ni hicho hicho. Onja, tema, waambie kilichomo ndani, wafunge midomo yao. Kuonja si kunywa."

Ulimi alimgeukia. "Miaka tisa unaninusa nikiingia mlangoni," alisema. "Leo unaniamini?"

"Nakuamini."

Na macho ya yule bwana yakalengwa na machozi, ndugu zangu. Siyo kwa ajili ya bia. Ni kwa sababu hatimaye ameaminiwa. Baada ya hapo angekubali hata kuruka ukuta.

Saa tisa walikuwa uani, watu wanane kuizunguka meza moja chini ya turubai. Kila mmoja aliwekewa ubao wenye matundu sita, na katika kila tundu kiglasi kidogo, kuanzia bia nyepesi ya rangi ya majani makavu mpaka nyeusi ya mwisho. Pembeni palikuwa na sahani: karanga za chumvi, samaki wa limau, jibini, kuku wa kuchoma, soseji, na keki ya chokoleti. Mwelekezi alikuwa kijana mchangamfu mwenye aproni, anaijua kazi yake. Alieleza kwamba bia na chakula ni kama mume na mke, kimoja kikizidi sauti kingine kinanyamaza. Akawaambia wanuse kwanza, waonje, wale kipande, kisha waonje tena waone kilichobadilika. Ulimi aliomba ndoo ya kutemea. Watu wakatazamana, lakini ndoo ikaja.

Akainua kiglasi cha kwanza, akafyonza kwa kishindo chake kile, akatema. Halafu akasema maji ya bia ile ni mazito, yametoka kwenye mwamba, na kwamba nafaka yake ilikaangwa haraka upande mmoja. Mwelekezi akapigwa na butwaa. Alisema ni kweli, maji yanatoka kisimani, na kwamba kwa miaka minne ya kazi yake hakuna mgeni aliyewahi kumwambia hivyo. Daktari wa meno akaweka uma chini. Fundi alijiona amerefuka kwenye kiti.

Ingeishia hapo, ingekuwa sifa njema ya kurudi nayo nyumbani. Lakini mwelekezi, kwa heshima zote, akainama karibu na Ulimi.

"Mzee wangu, samahani," alisema. "Chai hutemwa, ila bia haitemwi. Uchungu wake unakaa nyuma kabisa, kwenye koo. Ukitema unakosa nusu ya habari."

Watu wote mezani wakamgeukia. Ulimi akageuza uso akamtazama mkewe. Hakuwa anaomba ruhusa ya kulewa, msimwonee. Alikuwa anamuuliza kama bado ni kuonja. Na Fundi, mwenye akili zake timamu, mbele ya mke wa daktari, akaitikia kwa kichwa.

Ulimi akameza.

Hakuanguka. Hakupiga kelele. Alisema maneno mazuri zaidi kuliko ya kwanza, jinsi samaki alivyoulainisha uchungu na jibini ilivyoutoa utamu uliojificha, na watu wakampigia makofi. Kwa Fundi yale yalikuwa makofi ya miaka tisa. Ni mwishoni tu, keki ya chokoleti ilipoliwa na wageni wakaanza kuinuka, ndipo mumewe alipomwita mwelekezi akaomba arudishiwe ya tatu, kwamba hakuipata vizuri. Fundi aliiona ikiletwa, ikimezwa. Akajiambia ni kuonja tu.

Kesho yake Ulimi aliamka salama, akanywa chai, akacheka na daktari. Hilo ndilo lililowamaliza. Angeamka mgonjwa wangeogopa.

Waliporudi nyumbani, Ulimi alinunua viglasi sita na daftari. Jumamosi alasiri alipanga chupa mezani, akasema anataka kuufahamu uwanja huo mpya, huenda mtu mwenye ulimi kama wake angepata hata kazi kwa watengenezaji bia. Na nani alimkatia jibini vipande vidogo vidogo, akampangia karanga kwenye kisahani? Mkewe. Alikaa naye, akaonja naye, akamsomea alichoandika. Aliona heri anywe pale anapomwona. Binti yao aliwatazama, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Jumamosi ndiyo siku ya chama, mnakumbuka. Ulimi akakosa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kaka mwenyewe akaja na fimbo yake, akaona viglasi mezani, akaelewa yote bila kuambiwa. Alimwomba arudi darasani, aseme tu kilichotokea, wenzake wamsikie. Ulimi alimjibu kwa adabu kwamba chama ni cha watu wanaokunywa. Kaka akamgeukia Fundi amsaidie. Fundi akaendelea kukata jibini.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Vyakula vikapungua, glasi zikakua. Samaki alitoweka kwanza, kisha jibini, zikabaki karanga, kisha na karanga hazikuhitajika. Daftari lilikuwa na kurasa tano zilizojaa mwandiko mzuri, ukurasa wa sita mistari miwili, iliyobaki mitupu. Jumamosi ikawa na ndugu zake sita. Fundi alipoamka siku moja na kuthubutu kusema "Baba, umerudi kulekule," Ulimi hakukasirika.

"Nimerudi wapi?" aliuliza. "Naonja. Wewe mwenyewe ulisema kuonja si kunywa."

Jirani zangu, kuna jibu la kumpa mtu kama huyo? Maneno yalikuwa ya Fundi mwenyewe, kila neno.

Kiwandani walikuwa na utaratibu wao wa kuwapima waonjaji. Vikombe vinapangwa bila majina, na kimoja kinawekwa mara mbili, mwonjaji atambue pacha. Kwa miaka yote ya koti jeupe Ulimi alimtambua pacha kabla maji hayajapoa. Safari hii alipita mezani mara nne akaonyesha vikombe visivyohusiana kabisa. Meneja akampa siku nyingine. Siku hiyo akapitisha chai iliyoungua kuwa nzuri, shehena nzima ikarudishwa na wanunuzi. Hawakumfukuza, walimheshimu. Walimvua koti jeupe wakampeleka ghalani kushona midomo ya magunia. Huko nako alikutwa amelala juu ya magunia hayo, saa nne asubuhi, na barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa.

Binti ndiye aliyeondoka wa kwanza. Shangazi yake alimpa chumba karibu na shule. Fundi alimsaidia kukunja nguo, akimwambia huku analia kwamba baba ni mgonjwa, wasimtupe. Binti hakulia.

"Baba simlaumu," alisema. "Yeye alishasema hapana, ulinisimulia mwenyewe. Aliyemkatia jibini ni wewe."

Fundi alikaa kitandani kwa mwanawe mpaka jua likahama dirishani. Alijua hakusingiziwa. Baada ya hapo alijaribu yote: alimwaga chupa, alimfungia ndani, alimpeleka hospitali mara mbili, akatoka mara mbili. Kaka alikuja tena, na safari hii Ulimi hakumtambua. Nawaambia ukweli, maana wengine mnangoja niseme alipona. Hakupona. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi moja Fundi aliinuka kutoka kwenye cherehani, macho yamevimba kwa kushona na kulia, akatengeneza chai vikombe viwili. Kimoja akampa mumewe aliyekuwa amejiegemeza ukutani. Alipoonja cha kwake akakitema hapo hapo. Alikuwa ametia chumvi badala ya sukari, vijiko viwili kila kikombe. Akageuka haraka amnyang'anye mumewe kile kingine, lakini Ulimi alikuwa amekwisha kunywa mpaka tone la mwisho.

"Chai nzuri hii," Ulimi alisema, akimnyooshea kikombe. "Niongezee."

Fundi alisimama pale na birika mkononi. Kisha akamwongezea.

FUNZO

Wazazi, wenye ndoa, na ninyi mnaopenda kualika watu mezani, sikieni. Kwa mtu aliyeacha pombe, hakuna kuonja. Kiwe kiglasi cha kidole gumba, kiwe na jibini, kiwe na mwelekezi mwenye aproni safi, ni pombe ile ile iliyomlaza mtaroni, imebadilisha nguo tu. Akisema hayamhusu, usimbembeleze, usimpe sababu, wala usimpe sifa, kwa maana sifa humwangusha haraka kuliko kejeli.

Na wewe unayempenda, usimtumie kuwajibu waliomcheka. Acha wacheke. Kumwamini mtu si kumpeleka karibu na kilichomwangusha ili uone kama atasimama. Fundi bado anashona chini ya dirisha lile, ukipita utamsikia, na hana wa kumlilia, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kuitikia kwa kichwa.