Harufu Iliyopotea Jikoni

Kila alfajiri, kabla wafanyakazi wa kiwandani hawajafika, Mama Kifungo alifungua mkahawa wake mdogo. Binti yake mchanga, aliyebandikwa jina la Kifungo kwa sababu ya kipua chake cha duara, alilala kwenye mkeka kando ya magunia ya unga. Mama alipanga vikombe, akachota maji, akakanda unga. Ilikuwa kazi ya mbio, hana hata nafasi ya kujikuna.

Asubuhi moja, alipoingia tu, harufu ya gesi ilimpiga usoni. Aliutikisa mpira wa mtungi, akaendelea kukanda. Baada ya muda hakuisikia tena.

"Afadhali," akajisemea. "Imekwisha yenyewe."

Akachukua kiberiti, akatoa njiti.

Hapo hapo wifi yake, mwalimu wa wauguzi, akatokea mlangoni. Kila siku alipitia chai akienda kazini.

"Wifi, usiwashe! Gesi inanuka mpaka barabarani!"

"Ah, wewe nawe! Ilikuwa inanuka, sasa hamna kitu."

"Usiwashe, nakwambia! Mchukue mtoto, tutoke. Na swichi ya taa usiiguse, cheche moja tu inatosha."

Sauti ile haikuwa ya utani. Mama Kifungo aliangusha kiberiti, akamzoa mtoto pamoja na mkeka wake, akatoka mbio. Wifi alifunga koki ya mtungi, akafungua dirisha, akauacha mlango wazi.

Wakakaa nje, karibu na beseni la kuoshea vikombe, wakivuta hewa safi. Kisha wifi akasema, "Haya, sogea mlangoni unuse."

Mama Kifungo akasogea. Harufu ikamkaba koo, kali vilevile. Akarudi nyuma haraka.

"Mungu wangu! Ilikuwepo muda wote?"

"Ilikuwepo. Gesi haikuisha. Kilichofifia ni habari yake kichwani mwako."

"Kichwani? Nilidhani ni pua."

"Pua nayo huzoea. Lakini na ubongo una mambo yake. Seli zake hupeana habari, ila hazijashikana. Kati yao kuna mwanya mwembamba sana. Seli moja ina vifuko vidogo vyenye kemikali. Ikitaka kusema jambo, inamwaga kemikali hiyo mwanyani, na seli ya pili inapata habari."

"Na vifuko vikiisha?"

"Hapo ndipo penyewe! Harufu ikija mfululizo, vifuko vilivyo tayari hupungua, na habari inafifia. Ila kifuko kilichomwagwa hakitupwi. Kinavutwa ndani, kinajazwa upya, kinarudi kwenye foleni. Kujaza kunahitaji muda kidogo."

Mama Kifungo aliangalia beseni lake. "Kama vikombe vyangu! Wateja wakifurika, chai ipo lakini vikombe vyote vichafu."

"Umenena. Ukatoka nje, wateja wakapungua, vikombe vikaoshwa."

Mama Kifungo akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mshangao ulimjaa hadi machozi yakamlengalenga. "Yaani humu ndani kunaoshwa vyombo siku zote, na mimi mwenye nyumba sina habari!"

"Hata sasa hivi, tunavyoongea. Wala si ubovu, wifi. Ubongo unaacha kurudia habari ya zamani ili usikie iliyo mpya. Ila kwa gesi, usiungoje ukuambie mara ya pili."

Fundi wa gesi waliyemwita alifika, akapaka povu la sabuni kwenye mpira. Mapovu yakafura penye ufa.

"Mnapima kwa sabuni, si kwa moto," akasema, akaweka mpira mpya. Siku hiyo wateja walikunywa chai wamechelewa, wakanung'unika, lakini walikunywa.

Jioni, akimfunga mtoto mgongoni, Mama Kifungo alihisi kitu mfukoni mwa aproni. Ni ile njiti. Alikuwa ametoka nayo mkononi, akaitia mfukoni bila kujua. Aliitazama, akamsikia Kifungo akipumua taratibu mgongoni, akalia waziwazi.

Njiti ile aliichomeka kwenye ufa wa fremu ya mlango, usawa wa macho. Mpaka leo, kila alfajiri, husimama mbele yake na mtoto mgongoni, akavuta pumzi ya kwanza kwa makini. Siku pua yake inaponusa gesi, haingii. Siku hewa ikiwa safi, humpapasa Kifungo mguu, akaingia kuwasha jiko.