Pampasi za Mto Nakitunda

Bi Amna alisubiri jua lishuke nyuma ya mikorosho, akachukua mfuko mweusi, akauficha ndani ya khanga na kushika njia ya mtoni. Ungemuuliza, angekwambia anakwenda kukagua mto. Na nani ambishie? Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea kulinda mto Nakitunda, huku Marambo, mwenye kikoti cha rangi ya chungwa na kipaza sauti.

Mfukoni mlikuwa na pampasi za mjukuu wake, Isihaka, aliyeachwa kwake na binti yake anayefanya kazi Ruangwa mjini. Azichome? Thubutu. Kila mama pale kijijini anajua kwamba ukichoma pampasi, mtoto mwenyewe anababuka mapaja huko huko aliko. Ukizitia chooni, shimo linajaa. Ukizifukia uani, mbwa wanafukua na mwenye nia mbaya anaokota. Basi zilikwenda mtoni, na kiangazi kile mto wenyewe ulikuwa madimbwi tu.

Angeishia hapo, tungesema ni ubinadamu. Lakini wiki iliyotangulia alisimama mkutanoni akamnyooshea kidole Teodosia, mama kijana aliyehamia kutoka upande wa Msumbiji, mwenye mtoto wa umri ule ule. "Wageni ndio wanaotuchafulia mto," alisema, tena kwa kipaza sauti. Teodosia aliinamisha kichwa, akamweka mwanawe vizuri mgongoni.

Sasa Bi Amna akafika ukingoni... akasimama.

Kulikuwa na mtu dimbwini.

Mwanamke, maji magotini, kikoti cha rangi ya chungwa mwilini. Alikuwa anaopoa pampasi moja moja na kuzipanga ukingoni.

"Karibu, mama," alisema bila kugeuka. Sauti ya chini, ya mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Wewe wa wapi?"

"Wa kikundi cha Narung'ombe. Nimetangulia. Kesho si tunasafisha wote?"

Ni kweli, vikundi viwili vilipanga kusafisha pamoja. Bi Amna akashusha pumzi. Kisha akaona jambo. Yule mwanamke alikuwa anatembea majini, na maji hayatoi sauti. Vyura walikuwa kimya. Na ile harufu... haikuwa ya matope. Ilikuwa ya maziwa yaliyochacha.

"Lete na huo."

"Upi?"

"Ulio ndani ya khanga."

Mkono ulijinyoosha wenyewe. Mwanamke akaupokea mfuko, akaunusa taratibu, kama mtu anavyonusa utosi wa kichanga.

"Za mtoto wa nani?"

Jina la Isihaka lilimfika mdomoni. Lakini kesho mwanamke huyu angekuwa mbele ya kijiji kizima, naye ana mdomo.

"Za Teodosia," alinong'ona. "Za mwanawe, Jonasi. Mimi nimeziokota tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Jonasi," mwanamke akasema, polepole, kama anayejifunza. "Haya. Nimesikia."

Bi Amna hakukumbuka alivyofika nyumbani.

Kesho yake watu walikuta lundo la pampasi ukingoni, kavu kabisa, kana kwamba zilianikwa juani mwezi mzima. Wa Narung'ombe walikuja kwa pikipiki. Bi Amna alitafuta sura moja tu kati yao, asiione. Akamfuata kiongozi wao, Severini, akamuuliza kuhusu yule waliyemtanguliza.

"Hatukumtanguliza mtu," Severini alisema. "Na vikoti sisi hatuna, mama. Unatuona."

Kazi ilipokwisha jioni, Severini akamwagia lundo petroli. Kina mama wakarudi nyuma, wakinong'onezana. Naye akawaelewa. "Mwenye zake aseme," alisema. "Tutazifukia mbali. Hakuna atakayemcheka."

Macho yote yakamgeukia Teodosia.

"Mimi sina changu hapo," alisema Teodosia. "Chomeni tu." Akajifunga khanga, akaenda zake kumnyonyesha mwanawe.

Bi Amna akakabidhiwa kiberiti, maana ndiye mwenyekiti. Neno moja lingetosha. Zangu. Alifikiria Isihaka na mapaja yake. Kisha akakumbuka jina alilolitaja jana pale dimbwini, na nisikufiche, roho yake ilitulia.

Akawasha.

Moshi haukupanda. Ulishuka, ukatambaa juu ya majani, ukaelekea kijijini kama mtu anayeijua njia.

Hapo ndipo alipokimbia. Akamkuta Isihaka amelala, akamfunua. Ngozi laini, haina hata kipele. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti.

Ndipo akasikia ukelele kutoka kwa Teodosia.

Alikuwa wa kwanza kufika. Hakuwahi kuingia uani mle, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kamba ya nguo, imejaa nepi za vitambaa, zimefuliwa zikatakata. Pampasi haikuwapo hata moja. Ndani, Jonasi alikuwa mkekani anagaagaa, mapaja yamebabuka yote mawili.

"Hakuna moto humu, mama," Teodosia alilia. "Hata chai sijabandika."

Zahanati walisema ni maji ya moto. Walimwambia Teodosia awe mwangalifu.

Lakini jioni ile, kabla ya zahanati, Teodosia alimshika Bi Amna mkono. "Kijiji kizima kinanisema. Wewe ndiye umekuja wa kwanza. Mungu akulipe, mama."

Ni mimi. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Watu wakaanza kuingia mlangoni.

"Amina," alisema Bi Amna.

Mpaka leo ndiye mwenyekiti. Jonasi alipona, makovu yapo, na siku hizi anatembea. Ana mchezo wake mmoja ambao hakufundishwa na mtu. Akimwona Bi Amna, popote, awe kisimani au mkutanoni, humkimbilia, akasimama mbele yake, akapandisha kishati na kumwonyesha mapaja. Yeye tu. Wengine hata hawaangalii.

"Amekupenda huyu," Teodosia humwambia, akicheka.

Bi Amna naye hucheka, kisha huinama na kukishusha kile kishati.