Nilitaka Picha Nzima

Marehemu mume wangu alikuwa ameushika mkono wa mwanamke mwingine, na kwa jinsi picha ilivyokuwa kubwa, mikono yao miwili ingetosha kufunika mlango.

Mwanamke mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yangu, sebuleni kwangu, amepakata kisahani cha keki yangu.

Nilisikia uma ukianguka sakafuni.

"Zima," kifungua mimba wangu alimwambia fundi. "Zima hiyo mashine, nimesema."

"Usizime," nikasema mimi.

Wasomaji wangu, subirini kidogo. Jambo hili halieleweki likianzia mwisho, nami nimechoka mno kulisimulia mara mbili.

Mume wangu alipostaafu, ofisi yake ilimfanyia sherehe ya kumuaga, na mpiga video akaipiga yote. Tangu hapo, kila familia ikikutana kwangu, kifungua mimba wangu huleta projekta yake, hutundika kitambaa chake cha mraba, nasi tukaitazama sherehe ile. Mzee alipofariki, tukaitazama zaidi.

Siku zote picha ilijaa kitambaa kizima, na watu wakasifu.

Mimi sikusifu. Video ile ilipigwa pana, na kitambaa kilikuwa mraba. Ukilazimisha picha pana ijaze mraba, upande wa kushoto na upande wa kulia humwagika nje. Ni sawa na kutandika shuka juu ya kimeza, kisha ukakata pande zote zinazoning'inia.

Mwaka huu wanangu waliniuliza nataka zawadi gani ya siku yangu ya kuzaliwa.

"Nataka kuiona video ya Mzee, nzima, juu ya kitambaa kipana."

Kifungua mimba alicheka kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari.

"Mama, sebule hii ni fupi. Kwa lenzi yangu, ukitaka picha pana hivyo, projekta itabidi ikae jikoni kwa jirani."

"Basi iletwe lenzi nyingine."

"Kwani hii ya siku zote ina ubaya gani?"

"Imekatwa."

Alianza kukunja waya ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa.

Nikamtafuta mwenyewe fundi anayefunga projekta kwenye kumbi za mikutano. Alikuja, akapima sebule kwa utepe, akajikuna kidevu.

"Bibi, hapa dawa ni lenzi ya karibu. Mashine inakaa hatua chache tu kutoka kwenye kitambaa, na picha inatandaa ukuta mzima. Mashine nitaleta mimi. Wewe tafuta kitambaa."

"Cha namna gani?"

"Cheupe, kizito, kisichong'aa. Kiking'aa, katikati patawaka kama upara wa mjomba wangu. Na kisiwe na kunjo hata moja. Lenzi ya karibu haina huruma, kunjo dogo tu linampinda mtu pua."

Mtaani kwetu, anayeweza kushona kitambaa kipana kisiwe na kunjo ni mmoja tu: jirani yangu, fundi cherehani, ambaye wote humwita Mama Pindo. Shoga yangu tangu wanetu wakiwa wachanga.

"Shoga, unafungua sinema uzeeni?" aliniuliza.

"Wewe shona tu."

"Nikuwekee satini. Itapendeza."

"Satini inang'aa. Nataka pamba nzito, na pindo jeusi pande zote."

"Jeusi la nini? Una msiba?"

"Ili jicho lijue picha inaishia wapi."

Akacheka, akashona. Hakuwa na cha kuogopa. Video ile alikwisha kuitazama kwangu zaidi ya mara moja, ikiwa imekatwa.

Siku ikafika. Mchana, mapazia tukayafunga, watoto na wajukuu wakajipanga mikekani. Fundi aliweka mashine juu ya kigoda, karibu kabisa na kitambaa.

"Picha imekaa kama ndoo," nikamwambia. "Juu pana, chini nyembamba."

"Naisawazisha, Bibi. Kigoda kimeinama."

Akakitilia kigoda kipande cha boksi mguuni. Picha ikanyooka.

Kifungua mimba alimsogelea, akanong'ona, ila mimi masikio yangu bado ni mazima.

"Fundi, ikuze mpaka pande zikatike."

"Nikizikata kaka, hiki kitambaa kipana cha nini sasa?"

"Wewe zikate."

"Asizikate," nikasema.

Na hapo ndipo upande wa kushoto ulipofunguka... Mzee, ndani ya suti yake ya kijivu, nyuma ya nguzo ya ukumbi. Mama Pindo kando yake. Vidole vimefumana, na havikufumana kijirani.

Mnajua sasa kilichofuata. Uma. Zima. Usizime.

Mwanangu alipiga magoti mbele ya kiti changu, mtu mzima mwenye mvi.

"Mama, nisamehe. Niliiona siku niliyoletewa ile video. Miaka yote hii nimekuwa nikiikata makusudi, usije ukaona."

"Najua."

"Unajua nini, Mama?"

"Niliona kabla yako. Kesho yake baada ya sherehe, mpiga video alipita hapa, akanionyesha yote kwenye kamera yake, nikiwa nimesimama pale mlangoni. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikaenda kuosha vyombo."

Mama Pindo alisimama. Alikitua kisahani sakafuni.

"Shoga..."

"Keti."

"Niache nirudi kwangu."

"Keti, uone ulichokishona. Kitambaa kina pande mbili."

Nikanyoosha kidole upande wa kulia.

Watu wote walikuwa wameukodolea macho upande wa kushoto. Wakageuka. Binti yangu mmoja akaziba mdomo kwa kanga.

Kulia kabisa, karibu na lile pindo jeusi, alikuwa binti yangu, kitindamimba.

Aliugua mwaka uliofuata ile sherehe, akatutoka. Picha zake ninazo ukutani, lakini picha za ukutani hazitembei. Hapa alikuwa anatembea. Alikuwa nyuma yangu, mikono mgongoni, kidevu juu, midomo ameibana... ananiiga mimi, mama yake, ninavyopita kukagua kama vikombe vimepangwa sawasawa. Shangazi zake wameshika matumbo kwa kicheko. Nami nipo mbele yake, sina habari, nanyoosha kitambaa cha meza.

Hilo ndilo nililoliona kwenye kamera ile, pamoja na lile jingine.

Mtaniuliza kwa nini sikuudai upande huu mapema. Kwa sababu ningeuomba upande wa kulia, ningelazimika kukiri kwamba niliuona wa kushoto. Mzee akiwa hai, niliona nyumba haitastahimili. Alipofariki, nikaona wanangu wanampenda baba yao, nikawahurumia. Wao nao wakanihurumia mimi. Na kwa huruma zetu hizo zote, mtoto wangu akabaki nje ya kitambaa.

Nisingelisema hata sasa. Lakini nimeanza kuusahau mwendo wake.

"Rudisha nyuma," nikamwambia fundi.

"Mpaka wapi, Bibi?"

"Pale anapoanza kutembea."

Akarudisha. Wajukuu wasiowahi kumwona shangazi yao wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti. Kifungua mimba alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Mama Pindo aliondoka katikati ya kicheko hicho. Nilimfuata hadi mlangoni, kwa kuwa mgeni husindikizwa.

"Sina la kujitetea," alisema.

"Sikukuuliza."

"Utanisemesha tena?"

Nilimtazama. Naye amezeeka.

"Mshono umenyooka," nikamwambia, nikafunga mlango.

Sasa nanyi mnaotuficha mambo kwa kutupenda, nisikilizeni. Mnapotukatia upande unaouma, hamjui mmekata na nini kingine. Tuulizeni. Sisi si mayai. Mengi mnayotuficha tuliyaona nyinyi mkiwa bado mnalala.

Na msiniandikie "inaendelea lini". Imekwisha.

Fundi ameniachia mashine mpaka atakapoihitaji. Kiti changu nimekihamishia upande wa kulia.