Fomu ya Spika Mildred

Kila asubuhi Safia alimsaidia baba yake kufungua duka lao pale Kapseret, kisha akashika njia ya uwanja wa ndege kwenda shule, faili ya bunge la wanafunzi kwapani. Yeye alikuwa karani wa bunge hilo. Ijumaa hiyo alitembea polepole.

Bunge lao lilifuata Katiba ya Kenya. Wabunge humchagua Spika kwa kura ya siri, lakini anayegombea kiti hicho hapaswi kuwa mbunge. Jumatano walikuwa wamemchagua Mildred. Alhamisi Safia alipopanga fomu za wagombea, aligundua kwamba Mildred angali mbunge wa Gredi ya Nane. Swali la tatu la fomu yake liliuliza, “Je, wewe ni mbunge?” Mildred hakuwa amejibu, na Safia alikuwa amepiga muhuri bila kusoma, kwa sababu walikuwa marafiki.

Saa nne Mildred angeapishwa mbele ya wazazi.

Kwenye lango la shule Safia alimweleza Kipkirui, aliyeongoza kampeni ya Mildred. Kipkirui alicheka.

“Andika ‘hapana’ hapo, karani. Ukituharibia, usipite njia ya uwanja wa ndege peke yako.”

Safia aliitoa kalamu. Neno moja tu, na hakuna ambaye angejua. Akairudisha kalamu mfukoni.

Ukumbini Mwalimu Mukhwana, mlezi wa bunge hilo, alimwita aisome fomu. Safia aliifungua faili, fomu ikitetemeka mkononi. Kipkirui alimkazia macho.

“Mwalimu,” Safia alisema hatimaye, “swali la tatu halina jibu. Mildred ni mbunge. Mimi ndiye niliyepiga muhuri bila kusoma.”

Mildred alivua joho la Spika la kuazima taratibu.

“Nilidhani ukichaguliwa, kiti cha ubunge kinaisha chenyewe,” alisema.

Mwalimu alitangaza kwamba uchaguzi ungerudiwa Jumatatu. Kipkirui alimnong’onezea Mildred kwamba akijiuzulu anaweza kukosa viti vyote viwili. Mildred aliomba karatasi, akaandika barua ya kujiuzulu ubunge ili agombee tena, akampa Safia.

“Hii soma kwanza, ndipo upige muhuri,” alisema. “Na jioni tunaenda nyumbani pamoja.”

Safia aliisoma mara mbili. Kisha akapiga muhuri.

Mwalimu Mukhwana aliwageukia wanafunzi. “Spika ni mwamuzi, na mwamuzi hachezei timu yoyote. Ndiyo maana sheria hiyo ipo. Lakini sheria haiwezi kujisoma yenyewe. Leo imesomwa na msichana aliyekuwa akitetemeka, na nchi huhitaji watu kama huyo.”