Benchi la Mylène Kando ya Barafu

Wajukuu zangu wa humu simuni, nawategea, na atakayeshindwa anipe mji. Uwanja wangu haukanyagiki mpaka niumwagie maji, na kila anayeingia huvaa visu miguuni, lakini hana ugomvi na mtu. Ni nini?

Fikirini taratibu. Mimi huku juu ya dari yangu kunawaka moto.

"Huyu L ni nani?"

"L yupi?"

"Mylène, usinifanye mtoto mdogo. Huyu anayekuandikia, 'Kesho saa nane, benchini. Bado hajashtuka?' Nani hajashtuka? Mimi?"

"Kumbe unasoma simu yangu!"

"Imelia mbele yangu napaka mkate siagi! Ulitaka nijifunge kitambaa machoni?"

Anayefoka ni mjukuu wangu Yannick. Anayefokewa ni mchumba wake, Mylène. Mimi Bibi Rolande nakaa chini yao hapa mtaani Limoilou, nchi ya theluji, na nyumba zetu hizi za ghorofa dari zake nyembamba mno. Mtu akipiga chafya kule juu, mimi huku chini namwitikia afya.

Mylène kazi yake ni kuchora mahali pa kukutania watu. Mwaka huo alipewa uwanja wa barafu wa Bustani ya Mtakatifu Odile. Naam, aliyejibu uwanja wa barafu abaki na mji wake.

Uwanja ule wa zamani ulikuwa jela tupu. Ukuta wa mbao hadi kifuani, mlango mmoja, na taa nyeupe za kuhojia wezi. Vijana wa hoki wakishaingia na magongo yao, akina mama na watoto wanabaki nje meno yakigongana kwa baridi. Mylène akaupindua wote. Ukuta akawaachia wenye magongo upande mmoja, kwingine akauangusha, barafu ikatoka mle kama kijito na kuzunguka katikati ya miti. Taa akaziweka chini, za manjano. Kibanda cha kuotea moto akakipa kioo kizima, ili kizee kama mimi ninywe chokoleti ya moto huku namwona mtoto wa jirani akianguka. Na mabenchi, akayaweka kila mahali.

Lakini benchi moja lilikuwa la peke yake. Refu kuliko mengine, lina chuma cha kushikia na kijukwaa cha kuinulia mguu. Yannick aliliona kwenye mchoro tangu majani yakipukutika.

"Hili la nani?" aliuliza siku ile.

"La mtu," Mylène akacheka. Kisha kicheko kikamwisha. "Yannick, siku ya ufunguzi utateleza na mimi?"

Yannick akainuka akaenda kuosha vyombo. Vyombo visafi.

Msimwone vibaya. Yeye ndiye mmwagiliaji wa barafu wa mtaa wetu, hakuna anayeijua kama yeye, lakini tangu agongwe goti kwenye hoki hajateleza tena. Goti halikunjiki. Hawezi kuinama akafunga kamba za viatu vyake, na kwetu hapa kukaza kamba za viatu vya kuteleza si mchezo, unazivuta mpaka vidole vinawaka. Tunawafungia watoto, tunawafungia wapenzi. Sikukuu moja binamu yake alimpigia magoti ili amfunge kamba. Yannick akavitupa viatu dirishani mpaka kwenye theluji, nikaviokota mimi.

Basi nirudi kwenye ugomvi.

"Unataka kujua L ni nani?" sauti ya Mylène ikashuka. "Nijibu kwanza swali langu."

"Swali gani?"

"Unalijua."

Mlango ukabamizwa mpaka picha ya marehemu mume wangu ikapinda ukutani. Yannick akashuka kwangu, akakaa mbele ya supu yangu ya njegere, akaikoroga tu.

"Bibi, hivi nina wivu au nina macho?"

"Kula."

"Benchi la mtu. Mtu gani? Mimi nachimba theluji, yeye anamchorea mwanamume benchi!"

Kabla sijamjibu, simu yangu ikalia. Mimi kuzima kipaza sauti cha simu sijui, kwa hiyo anayenipigia anawapigia wote waliomo ndani. Alikuwa Marjolaine, jirani wa mkabala na bustani.

"Rolande, unanijua mimi si mtu wa maneno."

"Wewe ni mtu wa maneno mengi. Sema."

"Mkwe wako juzi nimemwona benchini na jibaba moja. Ndevu hizo! Kampigia magoti, kamshika paja."

"Paja au goti?"

"Kutoka dirishani kwangu, Rolande, paja na goti ni majirani."

Kijiko cha Yannick kikaanguka. Nikamwita, hakugeuka. Kofia ya sufu ameisahau mezani, na nje baridi ya kukata masikio.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana kosa hili kwetu hata mtoto analijua. Theluji mpya ilikuwa imelala kwenye kile kijito cha barafu. Theluji kama hiyo unaiondoa, au unaishindilia mpaka iwe ngumu, kisha unanyunyiza maji kidogo, unangoja yashike, unarudia. Kazi ya mtu mwenye subira. Yannick alifungua bomba lote akayamwaga maji juu ya theluji laini, huku mkono wa pili unamwandikia Mylène simuni:

"Nakutakia barafu njema na L wako."

Juu kukaganda kama kioo. Chini pakabaki upepo. Tunaiita barafu ya gamba, nayo humdanganya kila mtu mpaka aikanyage.

Siku ya pili, saa nane mchana, Yannick alikuwa amejibanza ndani ya gari lake la kazi nyuma ya kibanda. Mimi nilikuwemo kibandani na chupa yangu ya chai. Nilikwenda kupunga hewa, msinicheke.

Mylène akaja na jibaba. Marjolaine kwa mara moja alisema kweli, zile ndevu zilikuwa ndevu. Jibaba, viatu vya kuteleza miguuni, likakaa kwenye benchi refu, likapandisha mguu kwenye kijukwaa. Mylène akapiga magoti na utepe wa kupimia, mkono wake ukakaa juu ya goti la mwanamume yule kama umezaliwa pale. Likasema kitu, wakacheka wote wawili.

Mlango wa gari ukafunguka.

"We ndevu!"

"Yannick!" Mylène akaruka. "Unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi! Wewe unafanya nini kwenye mapaja ya watu?"

"Rudi garini, tutaongea nyumbani."

"Hapana, tuongee hapahapa na L awepo. Au ana majina mengine?"

"Naitwa Loïc," likasema lile jibaba. Likasimama kwenye viatu vyake vya kuteleza, likanyoosha mkono limsalimie, likapiga hatua moja kwenye barafu.

Kwaruu!

Mguu ukazama mpaka kwenye muundi, mtu mzima akaanguka kama gunia la viazi. Suruali ikapanda. Yannick alikuwa amekunja ngumi, na ngumi ikabaki hewani bila kazi. Pale palipotakiwa kuwa na mguu palikuwa na chuma.

"Umeumia?" Yannick akauliza.

"Huu? Huu hauumi tangu niununue," Loïc akacheka, anapangusa theluji ndevuni. Kisha akamtazama vizuri. "Mylène, ndiye huyu mwenye goti?"

"Loïc, nyamaza."

"Ninyamaze kwa nini? Mimi ndiye niliyezama." Akamgeukia Yannick. "Kaka, mchumba wako alikuja karakana ya miguu ya bandia kutafuta mtu asiyeweza kukunja goti, ajaribu mabenchi yake. La kwanza nilining'inia kama kuku wa sokoni. La pili nikateleza nikaenda chini. Nikamwambia, dada, si umfungie tu kamba yaishe? Akasema, hapana. Mtu wangu hataki kufungwa na mtu. Lazima ajifunge mwenyewe."

Nilikuwa nimeshatoka kibandani. Hakuna aliyeniona, na nilitamani nisingekuwepo.

"Kwa nini hukuniambia?" Yannick akauliza.

"Nikuambie nini? Neno goti likitajwa, viatu vinaruka dirishani." Mylène akachuchumaa, akakivunja kipande cha gamba, akakiangalia. "Nani kaimwaga hii?"

"Mimi."

"Juu ya theluji mbichi?"

"Juu ya theluji mbichi. Kwa hasira."

"Kesho watoto wanapita hapa, Yannick. Na vizee, na watu ambao hawajawahi kukanyaga barafu maisha yao, nimewaambia waje, wasiogope." Akakitupa kile kipande. "Unionee wivu mimi, sawa. Na hao walikukosea nini?"

Akamwinua Loïc, wakaondoka. Yannick akachukua sululu. Alivunja kile kijito chote, akazoa, akashindilia, akaanza kunyunyiza upya, kidogo kidogo, na mimi nampelekea chai. Simu yake alinionyesha mwenyewe.

"Nimevunja yote. Naanza upya, pole pole."

Ujumbe umesomwa.

"Nimempigia Loïc nimemwomba radhi. Amenisamehe, ila anadai supu ya bibi."

Umesomwa. Halafu ukaja mmoja tu:

"Swali langu lina jibu?"

Yannick alianza kuandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Akairudisha simu mfukoni, akashika bomba.

Jumapili, siku ya ufunguzi, bustani ilijaa. Vijana wa hoki kwao, wakipigiana kelele. Kwenye kijito, mama mmoja aliyehamia mtaani kiangazi kilichopita alisukuma kiti mbele yake ili asianguke, anacheka na kulia pamoja. Wazee wawili walishikana mikono, wakaenda kama wamechelewa misa. Wengine walijipanga kwenye utomvu wa miti uliochemshwa, unamwagwa mtamu juu ya theluji na watoto wanauzungushia kwenye vijiti waulambe. Marjolaine alikuja na viatu vipya, akadai hata yeye alishangaa kuona watu wanavyozua mambo.

Barafu ilikuwa imara. Nyeusi, laini, haina hata ufa.

Mylène alikuwa peke yake mwisho wa benchi refu, viatu vya kuteleza miguuni, hatelezi. Macho yake yako kwenye lango.

Nami nikamwona Yannick akiingia na viatu vyake vya zamani begani, vile vilivyolala kwenye sanduku langu. Akakaa benchini, si karibu naye sana. Akapandisha mguu mzima, akafunga. Akashika chuma, akapandisha ule wa goti bovu kwenye kijukwaa. Akanyoosha mkono. Mkono ukafika.

Akavuta kamba, akafunga fundo.

"Mkono unafika," alisema.

"Najua unafika."

"Naweza kujifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana lipo, Yannick."

Akaivuta kamba, fundo likafumuka. Akaunyanyua ule mguu kwa mikono yake miwili, akauweka kwenye mapaja ya Mylène.

"Uliniuliza kitu."

"Tangu majani yakipukutika."

"Nitateleza na wewe," alisema mjukuu wangu. "Lakini hiki cha goti bovu nifungie wewe. Na ukaze."