Koti la Carmen

"Simama hapo dirishani. Geuka kidogo. Sasa niangalie juu ya bega."

Léoncie akageuka. Koti lilikuwa zito, mabega mapana, kama ya wale waigizaji wa zamani wa Hollywood.

"Bertrand, hili koti ni la nani?"

"Nimelitoa thrift store, kwenye mitumba."

"Nimekuuliza la nani. Sijauliza limetoka wapi."

Kwenye televisheni, mwanamke mwenye nyusi nyembamba alimzaba bosi wake kibao, akachukua kofia, akatoka bila kugeuka. Midomo ya Bertrand ilikuwa inacheza. Alikuwa anasema maneno yote ya yule mwanamke, kwa Kiingereza cha puani kisicho chake.

Léoncie akasisimkwa na mwili. Warundi wote wa mji wa Lewisville walikijua Kiingereza hicho. Marehemu Carmen, mke wa Bertrand, alitoka kambi ya wakimbizi hajui hata kusalimia, akajifunzia lugha kwa wanawake wa sinema nyeusi na nyeupe. Hotelini alikokuwa akisafisha vyumba, meneja alipomfokea, alimwambia, "Mpenzi, sauti hiyo kamtishie mama yako." Meneja akanywea.

"Umenivisha koti la marehemu," alisema Léoncie, akilivua.

"Lakini limekupendeza."

"Lilimpendeza yeye. Mimi linanikaba."

Simu yake ikalia. Ujumbe: "Mama Léoncie, ni Pelagia wa Houston, dada yake Carmen. Nimesikia mmetangazwa ndoa kanisani. Nipigie."

Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Mama, sina ugomvi na wewe," alisema Pelagia. "Nakuuliza kama mwanamke mwenzangu. Huyo bwana amekuambia matanga ya Carmen tuliondoa lini?"

"Pasaka iliyopita. Huko kwenu."

"Nani alikaa? Nani aligawa nguo? Mimi ndiye mkubwa, na sijaitwa! Kila nikimwambia, ana shift kazini. Shemeji, nasikia unavyopumua. Mdogo wangu bado yuko kwako. Hujamruhusu aende."

Kwa Warundi hilo si jambo dogo. Mpaka ukoo ukae, watu wanywe, mfiwa amuage marehemu kwa mdomo wake na nguo zigawanywe, huyo bado ni mume wa mtu. Ndilo swali la kwanza mama yake Léoncie alilouliza kutoka Bujumbura.

Léoncie akakata simu. "Ni kweli?"

"Wangechukua nguo zake," alisema Bertrand. "Wangechukua na filamu zake. Sauti yake ningeisikia wapi?"

"Kwa hiyo ukatafuta wa kumvisha."

"Nakupenda, Léoncie."

"Mimi? Au huyo wa dirishani?"

Léoncie akachukua mkoba wake. Alipofika mlangoni alijua Bertrand anaona nini: mwanamke anaondoka, hageuki. Basi akageuka, makusudi.

"Niangalie vizuri. Mimi si sinema, mimi nageuka. Jumamosi uta-drive mpaka Houston, na hilo koti, na filamu zote. Ukirudi mikono mitupu, nitafute. Ukishindwa, padri afute tangazo."

Jumamosi jioni Pelagia akaandika: "Ameaga. Amelia kama mtoto. Koti nimelichukua mimi."

Jumapili Bertrand alibisha mlango wa Léoncie, mikono mitupu.

Walifunga ndoa Agosti, joto la kuyeyusha lami. Padri alipouliza, macho ya Bertrand yalikuwa nyuma ya kanisa. Léoncie akafuata macho hayo, akaona mabega mapana, koti zito, mwanamke anaelekea mlangoni.

"Bertrand," alinong'ona. "Niangalie mimi."

Akamwangalia. "Ndiyo," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nzito ya kwao mkoani Ngozi. "Nakubali."

Nje, Pelagia aliwakumbatia, jasho likimtiririka kwenye gauni la mikono mifupi.

"Dada, umeliweka wapi koti?" aliuliza Léoncie.

"Koti? Kwa joto hili, una wazimu? Liko kabatini, Houston."

Léoncie akamshika Bertrand mkono, akautazama mlango wa kanisa uliobaki wazi.

"Basi Carmen ameondoka," alisema. "Na hakugeuka."