Mke Aliyekataa Madirisha ya Vioo

"Vioo sitaki, Baba Irine. Nimesema sitaki."

Zebedayo aliacha kupuliza chai yake. Asubuhi hiyo bao la dirisha lilikuwa limeng'oka bawaba likatumbukia kwenye sufuria la maharage, na yeye alidhani maneno yamekwisha hapo. Mbao zimeoza, mvua za vuli zinakuja, na siku hizi za ruksa, biashara zimefunguliwa, vioo vimejaa Same kama nyanya. Kazi ni kuchagua tu.

"Hutaki kwa nini?"

"Vinavuta radi."

"Radi?"

"Na mwewe. Mwewe akijiona kwenye kioo anadhani ni mwenzake, anakuja kupigana."

"Mama Irine, unaongea na mumeo au na mtoto wa chekechea?"

Dorkas aligeukia sufuria lake la maharage.

Nyumba yao ndiyo iliyokuwa pekee ya magogo huko Chome, juu mlimani. Aliijenga baba yake Zebedayo, marehemu, alipokuwa akifanya kazi kwenye mashine ya mbao msituni, gogo juu ya gogo, akaitoboa madirisha manne ambayo hata kuku angeyapita kwa kujibana. Ndani ni giza mchana kutwa. Wanawake wenzake walimwonea huruma Dorkas. Hawakujua kwamba giza hilo ndilo lililokuwa linamtunza.

Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Ukungu wa mlima Shengena hupanda asubuhi, saa nne umeshaondoka. Huu ulikuja ukakaa. Akimwaga chumvi pembeni ya chungu, analaumu giza. Akishona kifungo mahali pa kifungo kingine, giza tena. Sasa jua likiingia mpaka chini ya kitanda, atamsingizia nani?

Na hofu yake ilikuwa na sura ya mtu. Shangazi yake Dorkas, Anaeli, aliyeolewa hapo hapo Chome, alipopofuka, mumewe alimrudisha kwao na godoro lake, akaoa mwingine kabla hata godoro halijakauka umande wa njiani. Dorkas alikuwapo. Alimwona akishuka mlima ameshika fimbo.

"Basi chagua wewe," Zebedayo alibembeleza. "Kuna luva, vile vya vipande vipande. Kuna vya kufungua. Kuna hata vile vya mauamaua, mtu wa nje haoni ndani."

"Weka mbao kama zilivyokuwa."

Kwenye benchi, mama mkwe, Bibi Rogathe, alikohoa kile kikohozi chake kisicho na mafua.

"Mimi sisemi kitu. Ila tangu nizaliwe sijaona mwanamke anayepewa vioo akavikataa. Huyu ana mtu, Zebedayo. Giza ni la kumpitishia."

"Mama!"

"Nimesema sisemi kitu! Jumapili amenipita mlangoni pa kanisa kama nguzo, shikamoo hakuna. Halafu juzi namsikia humu ndani, sauti ya asali, 'Shikamoo, karibu.' Naingia, hakuna mtu. Katokea wapi huyo mtu?"

"Dirishani hapiti mtu, mama."

"Labda ni mwembamba."

Dorkas aliinama akapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Siku ile alikuwa ameamkia koti. Koti la marehemu baba mkwe, na kofia yake juu, ambalo Bibi Rogathe alilihamisha kutoka msumari hadi msumari kulikimbiza unyevu. Angejitetea vipi? Aseme, nililiamkia koti?

Tangu hapo Zebedayo alianza kurudi kutoka shambani bila kukohoa mlangoni. Mara mbili Dorkas alisikia pumzi yake nje ya ukuta. Usiku mumewe alilala ameupa ukuta uso. Kisha akamleta fundi bila kumwambia mkewe.

Fundi ni Melkizedeki, mrefu, mtu wa maneno machache. Tena, kwa bahati mbaya, yeye na Zebedayo walikuwa wamenunua makoti ya kaki ya namna moja kwenye mtumba mmoja, gulio la Same.

"Nyumba ya magogo si ya tofali," fundi alikuwa akieleza nje. "Ukipanua tundu ovyo, ukuta unaporomoka. Niache nipime ndani kwanza."

"Ingia. Mimi nakwenda nyuma kung'oa mabao mengine."

Dorkas alikuwa chumbani. Alipotoka alimkuta mtu mrefu mwenye koti la kaki amesimama mbele ya dirisha, amempa mgongo, anagusagusa fremu iliyooza. Akajua mumewe ameanza kazi, siku imefika. Alijikongoja, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mpenzi wangu, nakuomba. Usiniache. Usibadilishe kitu. Tuendelee hivi hivi gizani, asijue mtu."

Mkono ule ulikuwa mgumu kama ubao.

"Mama," alisema Melkizedeki, "mimi ni fundi."

Na nyuma yake, mlangoni, ikaja sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Ahaa."

Dorkas aligeuka. Aliona kivuli tu, na mkononi mwa kivuli kitu kirefu. Nyundo au shoka, hakujua.

"Kumbe mama alisema kweli. Asijue mtu, eti? Mimi ndiye mtu!"

"Bwana Zebedayo, naapa!" fundi alilia. "Mimi hata mke wangu mmoja namwogopa, huyu wako nitamuweza wapi?"

"Wewe toka! Na wewe, Dorkas, funga nguo zako. Leo hii unashuka kwenu."

Hakumwita Mama Irine. Alimwita Dorkas, kama siku aliyomposa.

Aliingia chumbani akakusanya kanga kwa kupapasa. Akisema kweli, ni kipofu, atarudishwa. Akinyamaza, ni malaya, atarudishwa. Njia ni ile ile ya kushuka mlima, tofauti ni fimbo tu. Angalau malaya hahurumiwi.

Alipotoka na furushi, aliona umbo limesimama karibu na jiko, kofia kichwani. Mama mkwe, akawaza, kajifunika baridi. Akapiga goti.

"Shikamoo mama. Naondoka. Irine akifunga shule mwambie nimekwenda kusalimia. Nisamehe, mama. Sijawahi kuwa na mtu."

Umbo halikujibu.

"Mama, niitikie basi. Hata marahaba unaninyima?"

"Dorkas," ilisema sauti ya Bibi Rogathe, ikitokea upande mwingine kabisa. "Unaongea na nani?"

Dorkas alinyoosha mkono, akagusa kitambaa, mkono mtupu wa koti ukaning'inia.

Bibi Rogathe alimsogelea polepole, akampa kikombe bila kusema neno. Dorkas alishika hewa.

"Maskini ya Mungu," alinong'ona mama mkwe. "Zebedayo. Njoo uone. Huyu haoni."

Hatua zikaja. Kitu kirefu kikawekwa chini, kikalia kama chuma.

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi ya mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Shangazi Anaeli alirudishwa na godoro lake. Mimi nilimwona akishuka."

Dorkas alisubiri. Alisikia moto ukilia jikoni, na pumzi za mumewe, na hakujua kama ni za hasira au za nini.

"Sema kitu, Baba Irine. Uso wako siuoni. Nitajuaje?"

Zebedayo aliuchukua mkono wake akauweka shavuni kwake. Shavu lilikuwa limelowa mpaka kidevuni.

"Umejua?"

"Nimejua."

Dirishani kikachungulia kichwa, kwa shida, maana tundu lilikuwa dogo.

"Samahani," alisema Melkizedeki. "Kwa hiyo nikate, nisikate?"

"Usikate! Vioo vitangoja. Tunaanza na macho yake."

Siku hizo hata hospitali mtu alichangia, kwa hiyo pesa za vioo ziligeuka dawa. Daktari alimulika, akasema ni mtoto wa jicho, anatoka.

"Si nilisema!" Bibi Rogathe aliruka kwenye benchi alipopata habari. "Nilisema kuna kitu kinafichwa! Kumbe ni mtoto!"

Vuli hiyo waliziba madirisha kwa magunia, wakalowa wote watatu, na hakuna aliyelalamika. Bandeji ilipotoka, Dorkas alimtazama mumewe muda mrefu.

"Mvi zote hizi za lini?"

"Za siku ile ya fundi."

Alishuka Same mwenyewe kuchagua. Mwenye duka akamwonyesha vya mauamaua.

"Hivi ndivyo wanavyopenda kina mama. Mtu wa nje haoni ndani."

"Nipe vyeupe kabisa. Nataka waone mpaka chini ya kitanda. Waone hakuna mtu."

Asubuhi ya kwanza jua lilipoingia, liligonga ukuta wa magogo na kutua juu ya koti na kofia yake. Dorkas alifuta mikono, akalisogelea, akapiga goti kwa adabu zote.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Bibi Rogathe kutoka kwenye benchi. "Na huyo mwachie mwenyewe. Ni mume wangu."